Radisav Kaamkaje Leo?

Persida hakuwa mwanamke wa kulalamika. Alimzaa mwanawe Momir asubuhi na jioni akakamua ng'ombe. Alipovunjika mkono alichuma plamu kwa mkono uliobaki. Siku ya kumzika mumewe alisimama mlangoni kupokea watu kutwa nzima, na aliyemwambia, "Kaa kidogo, mama," aliangaliwa kwa jicho hadi akakaa yeye. Kijijini kwao, huko vilimani Šumadija, wakitaka kumsifu mwanamke husema huyu anajua kusimama. Basi Persida alijua kusimama.

Alipopata saratani ya damu, kilichomuudhi hakikuwa kifo. Kifo alikijua, huja kwa kila mtu, hata kwa wavivu. Kilichomuudhi ni madaktari wa Belgrade walipomwambia kwamba uboho wake umeoza, kwamba anahitaji mbegu mpya za damu kutoka kwa mtu mwingine, na kwamba katika wote waliopimwa, anayelingana naye ni Radisav.

"Radisav yupi?" akauliza, na ndugu alikuwa naye mmoja tu.

Radisav alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na ya Persida, madirisha yakitazamana kama majogoo. Hawakuwa wamesemeshana tangu baba yao alipokufa na Radisav akaubeba mtambo wa shaba wa kupikia rakija, ile pombe kali ya plamu. Yeye alidai baba alimwachia kwa mdomo. Persida alisema mdomo wa baba wiki ile ulikuwa haufunguki hata kwa kijiko cha supu, seuze kwa wosia.

Tangu hapo, akiwa na neno la kumwambia, alimwambia mbwa.

"Garov," alisema akiwa kwenye geti lake, kwa sauti ya kusikika kanisani, "mwambie mtu yule kuku wake wamo kwenye kabichi zangu."

Na Radisav, ng'ambo, naye hakukosa jibu. "Garov, mwambie bibi yako kuku hawajui mipaka, hawakusoma."

"Garov, mwambie waliosoma nao hawajui mipaka."

Mbwa wa watu aligeuza kichwa huku na huku mpaka shingo ikamuuma, kisha akaenda kulala.

Hata hivyo, Radisav alipoitwa Belgrade alikwenda. Alivaa suti aliyoiweka kwa ajili ya maziko yake mwenyewe, akalazwa na mirija mikono yote miwili, damu ikitoka huku na kurudi kule, akatoa kilichohitajika, na wala hakudai kitu. Hilo la kutodai lilimkera Persida kuliko kama angedai. Adui anayekudai unajua pa kumshika.

Lakini Radisav kukaa kimya hakuweza. Kule kilabuni alisimulia hadi meza zikachoka. "Dada yangu nimemzaa upya, na bila mkunga. Sasa anatembea kwa mafuta yangu. Mkimwona anapanda kilima, jueni hayo ni magoti ya Radisav." Maneno yalimfikia Persida kabla hata ya Radisav kutoka kilabuni, maana barabara ya kijiji ni fupi na ndimi ni ndefu. Siku hiyo akala kiapo: hakuna atakayemsikia akisema anaumwa. Hata mara moja.

Hospitalini walikuwa wamempa maelezo kabla ya kumruhusu. Mwenye kueleza alikuwa Daktari Strahinja, kijana msafi, mpole, mwenye kusema haraka kana kwamba maneno yanapoa.

"Bibi Persida, hizi seli ni za ndugu yako. Zinaweza kuuona mwili wako kama mgeni, zikaushambulia. Ngozi, tumbo, macho, popote. Ukiona chochote, hata kidogo, unatuambia siku hiyohiyo. Ukinyamaza unaweza kufa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu."

Na kweli alielewa. Alielewa kwamba Radisav atamshambulia kutokea ndani. Hakushangaa hata kidogo, amezoea kushambuliwa naye kutokea nje. Ambacho hakukielewa ni kwa nini jambo hilo limhusu daktari. Wagombanao ni ndugu, na ugomvi wa ndugu hauanikwi mbele ya mtu baki, tena mtu baki aliyevaa koti jeupe. Ugonjwa ni ugonjwa. Radisav ni Radisav.

Basi alirudi nyumbani na masharti yake. Asiguse udongo. Asile jibini ya maziwa mabichi, ambayo ndiyo jibini pekee anayoiita jibini. Asikae na kuku wala mbwa. Asibusiane na mtu, na huko kwao watu hawaamkiani bila mabusu matatu. Desanka, jirani yake, alichukua kuku akamchukua na Garov, na barabara ikawa kimya kabisa, kwa kuwa mjumbe amehama.

Kila Jumatano Daktari Strahinja alipiga simu.

"Una homa, bibi?"

"Sina."

"Vipele?"

"Vipele ni vya watoto."

"Tumbo je?"

"Lipo."

"Namaanisha, kuna shida yoyote?"

"Shida zote ziko serikalini, mwanangu. Miye mzima."

Daktari alicheka, akaridhika. Na vuli yote ilikuwa kweli, alikuwa mzima. Kisha daktari akamwambia vipimo ni vizuri, sasa watapunguza kidogo dawa za kukandamiza kinga ya mwili, kidonge kimoja badala ya viwili. Persida akapunguza. Anachoambiwa na daktari alifanya, hata asipokifahamu. Hakuuliza kinga ni nini na inakandamizwa kwa nini, maana kuuliza ni kuonyesha kwamba hujui.

Ikaingia Desemba, na theluji, na Mtakatifu Nikola akawa yu karibu.

Hapa ndipo penye neno. Kila nyumba huko ina mtakatifu wake, na siku yake ndiyo slava. Mtu haalikwi kwenye slava. Mwenye kujua huja, na wote wanajua. Mshumaa huwashwa, mkate hukatwa, ngano iliyopikwa kwa sukari na njugu huwekwa mezani kila mtu aonje kijiko, na mwenye nyumba hakai. Anasimama tangu mgeni wa kwanza mpaka wa mwisho. Katika nyumba ya mume wa Persida mshumaa wa Mtakatifu Nikola haukuwahi kukosa kuwashwa, hata wakati wa vita, hata mwaka wa mafuriko walipouwasha juu ya kabati. Momir alikuwa Vienna akiendesha malori na likizo hakupewa. Aliyebaki wa kusimama ni Persida. Alikwisha kupanga: atasimama barazani na barakoa yake, watu wapite mmoja mmoja, na atakayenyoosha midomo atapigwa mwiko. Daktari hakuambiwa. Daktari hakuuliza.

Na wiki hiyohiyo ndiyo viganja vyake vilianza kuwaka.

Kwanza vilikuwa vyekundu tu. Halafu vikawa kama pilipili hoho zilizotoka motoni kabla hazijamenywa. Nyayo nazo zikafuata, akawa anatembea kama paka kwenye bati la moto. Masikio yakamwasha. Kisha likaja tumbo, na tumbo hilo halikuwa na adabu, lilimwita chooni katikati ya sala.

Persida alijua ni nani.

"Tulia, Radisav," alisema akiwa amekaa huko anakokaa mtu peke yake. "Mtambo wa baba umeuchukua, sasa unataka na utumbo wangu?"

Tumbo likanguruma.

"Usinijibu! Miye mkubwa wako."

Alivaa glavu za sufi ndani ya nyumba ili Desanka asione. Desanka, aliyezoea kuongea kutoka kwenye ngazi za nje, alichungulia kwa mlango.

"He, shoga, glavu jikoni? Umekuwa mke wa balozi?"

"Baridi."

"Baridi gani, na jiko lako linaunguruma hivi? Madirisha yanatoka jasho."

"Madirisha yako huko, mikono yangu iko huku. Unga umeleta?"

"Nimeleta. Mbona umekonda?"

"Ni mfungo wa Krismasi. Wewe ungefunga kweli nawe ungekonda, lakini wewe unafunga kwa mdomo wa watu."

Desanka akaondoka amenuna, ndivyo Persida alivyotaka. Kisha akaketi. Mtu asiyeketi akaketi, peke yake, mchana kweupe, na hakuweza kuinuka mpaka jiko likazimika. Hapo aliogopa kidogo. Ila hesabu yake ilikuwa rahisi: akisema neno ataitwa Belgrade, na akienda Belgrade nyumba ya mumewe italala giza siku ya Mtakatifu Nikola, mara ya kwanza tangu isimame. Akinyamaza, itabidi astahimili mpaka mgeni wa mwisho. Baada ya hapo, Mungu na Radisav wafanye watakalo.

Jumatano daktari akapiga.

"Una homa, bibi?"

"Sina."

"Vipele?"

"Mwanangu, hilo nilishakujibu wiki iliyopita."

"Tumbo?"

"Nimelizoea."

"Kwa hiyo hakuna shida."

"Hakuna."

Daktari Strahinja akashukuru, na pale alipotaka kukata akakumbuka kwamba mama yake alimlea vizuri. Kwao mtu haagi kabla ya kuulizia jamaa. "Haya, bibi. Na ndugu yako? Radisav hajambo?"

Ee! Ni kama mtu aliyegusa kizibo cha pipa lililochacha.

"Hajambo?" Persida akasema. "Yule mwanaharamu hajambo? Yeye hajambo kabisa, ndiyo maana miye sina raha! Ananichoma viganja, daktari! Viganja na nyayo, usiku na mchana, ngozi inatoka kama ya kitunguu. Nikilala ananiwasha masikio. Nikila ananikimbiza chooni, nikinywa maji ananikimbiza chooni, jana amenikimbiza mpaka nimeacha maharage yameungua! Toka utoto yuko hivyo. Alikuwa ananimwagia siafu kitandani kwangu, wale wa msituni, wakubwa. Sasa anamwaga kwa ndani!"

Upande wa pili kalamu ikaanza kukwaruza karatasi.

"Daktari? Umo?"

"Nimo, bibi." Sauti yake haikuwa na haraka tena. "Endelea kunisimulia kuhusu Radisav. Hayo ya tumbo, anakukimbiza mara ngapi?"

"Nani amhesabu? Mara zote."

"Na macho, anayagusa?"

"Ameyakausha. Yamekuwa kama nimepepeta makapi."

"Ameanza lini huu ukorofi?"

"Baada ya wewe kunipunguzia vile vidonge. Alikuwa amelala, kisha akaamka."

Daktari akavuta pumzi. "Bibi Persida, kwa nini hukuniambia? Nimekuuliza kila wiki."

"Uliniuliza kama naumwa. Siumwi. Hii ni ya ukoo."

"Bibi, nisikilize. Hiki ndicho nilichokueleza siku ya kutoka. Vile vidonge ndivyo vilivyokuwa vinamfunga yeye."

"Vinamfunga nani?"

"Radisav."

Persida akaishika simu vizuri, glavu na yote. "Yaani ni wewe uliyemfungulia?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Na ukaniambia unapunguza sijui kinga gani. Ungesema, 'Bibi, tunamfungulia Radisav kidogo,' ningekukatalia palepale! Mtu gani anamfungulia Radisav?"

"Ni kosa langu, sikukuambia kwa maneno ya kueleweka. Lakini sasa lazima uje Belgrade leo. Leo, si kesho. Akiachwa hivi atakuua, na hatajua kama amekuua."

"Siendi popote. Keshokutwa ni slava."

"Bibi…"

"Siendi. Nyumba itabaki giza? Utakuja wewe uwashe mshumaa?"

Strahinja, kijana wa mjini, naye alikuwa na mtakatifu wa nyumbani kwao, akajua kwamba mlango huo hausukumwi. Akatafuta mwingine. "Basi. Nilitaka tu ujue kwamba tunayo dawa ya kumnyamazisha. Ya mshipani. Anapigwa nayo, anatulia."

"Nani? Radisav?"

"Radisav."

Persida akaihamishia simu sikio la pili.

"Mnayo dawa," Persida akasema polepole, "ya kumnyamazisha Radisav."

"Tunayo."

"Na miaka yote hii mmeificha?"

Akavaa koti. Hata alipokuwa akifunga vifungo alikuwa bado na hasira, lakini hasira yake ilikuwa imebadilika upande. Gari la wagonjwa lingetoka mjini, na njia ya kilimani ilikuwa imezibwa na theluji. Kijijini gari lenye minyororo kwenye magurudumu lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa ng'ambo ya barabara. Persida akatembea kwa zile nyayo zake zinazowaka hadi kwenye geti. Radisav alikuwa uani kwake anapasua kuni. Persida akageuka kumtafuta Garov.

Garov hakuwapo. Alikuwa kwa Desanka, kwa amri ya daktari.

Akatazama juu, akatazama chini. Hapakuwa hata na paka.

"Radisav."

Shoka likasimama hewani. Radisav akaangalia kulia, kisha kushoto, kisha chini ya geti, kumtafuta mbwa.

"Nasema na wewe, kipofu. Washa gari."

Njiani hawakusema kitu mpaka walipofika barabara ya lami. Radisav, ambaye kilabuni hakuwahi kukosa neno, alikuwa ameshika usukani kama mtu anayeshika ndoo iliyojaa. Aliviona viganja vya dada yake, kwa kuwa kwenye gari alivua glavu, hakuweza tena kuzivumilia.

"Dada," akasema. "Hayo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Haki ya Mungu, sikukusudia."

"Hujawahi kukusudia. Hata mtambo hukukusudia. Angalia barabara."

Akaangalia barabara. Macho yalikuwa yamemjaa, akasingizia theluji.

"Na slava?" akauliza baadaye. "Nani atasimama?"

"Wewe."

"Mimi? Slava ya shemeji? Yangu ni ya Malaika Mikaeli, nimeshaifanya mwezi uliopita. Watu watanicheka."

"Damu iliyomo mwilini mwangu ni ya nani?"

"Yangu."

"Si ulitangaza? Si ulisema natembea kwa magoti yako? Basi nusu yako inakwenda kulala Belgrade kwa dharau ulizonifanyia, na nusu iliyobaki itasimama mlangoni kwangu. Na isikae!"

Walimlaza, wakamtundikia dawa. Siku ya Mtakatifu Nikola, Radisav alivaa tena ile suti ya maziko. Aliwasha mshumaa, mkate ukakatwa, na akaweka simu mezani kati ya ngano na divai, sauti juu, ili mwenye nyumba awepo. Wageni wakapita wakiiamkia simu. Mjomba mmoja aliyekwisha kuonja rakija aliinama akaibusu mara tatu.

"Nani huyo anabusu?" Persida akauliza kutoka Belgrade. "Mwambieni aache, Radisav ameishika na mikono ya samaki. Samaki mmemtia paprika?"

"Tumemtia, shoga," Desanka akajibu.

"Kidogo au ya kuonekana?"

"Ya kuonekana."

"Na Radisav yuko wapi?"

"Nipo, dada."

"Sauti yako inatoka chini. Umekaa."

Pale chumbani watu wote wakatazamana. Radisav alikuwa ameketi, kwa kweli, kidogo tu, kwenye ukingo wa benchi, na goti moja limemvimba.

"Sijakaa," akasema, akisimama.

"Sasa imepanda. Baki huko juu."

Akabaki. Watu walikuja mpaka giza, na mwenye kusimama alisimama, na kila aliyejaribu kumpa kiti aliangaliwa kwa jicho. Walisema ni jicho la Persida kabisa, limepita vipi upande ule hakuna aliyejua.

Wodini mambo yalibadilika pia. Daktari Strahinja hakuuliza tena kama kuna shida. Kila asubuhi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akapunguza mwendo wa ulimi, akauliza, "Haya, bibi. Radisav kaamkaje leo?"

Na Persida alieleza yote, hakuficha hata la chooni. "Viganja kaviacha. Nyayo anazikumbuka jioni. Tumboni bado yumo, ila sasa ananong'ona."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa hajibu daktari chochote ila "vizuri, asante," alisikiliza siku kadhaa. Mbegu zake zilitoka kwa mtu asiyemjua, wa Ujerumani. Asubuhi moja akakohoa.

"Daktari," akasema kwa haya, "huyu Mjerumani wangu naye ana vituko. Saa kumi na moja kamili alfajiri ananiamsha. Magoti."

"Sema, mwenzangu, sema," Persida akamtia moyo. "Ukimfichia atakupanda kichwani."

Kabla ya Krismasi yao, ya Januari, alirudishwa nyumbani, na vidonge viwili tena badala ya kimoja. Radisav alikuja kumchukua. Walipofika alimshusha getini kwake, akawa anasimamasima pale, kofia mkononi.

"Dada, mtambo ule… ningeweza kuuleta."

Persida akafungua geti. Ng'ambo ya barabara Garov alikuwa kwenye uzio wa Desanka, akigeuza kichwa huku na huku, tayari kwa kazi.

"Ulete majira ya plamu," akasema. "Saa hizi ninywe vidonge vyako kwanza."

Akaingia ndani, akamnywea vyote viwili, kwa maji mengi.